Sikio la Udongo na Magugu Arobaini na Moja

Jumatatu, 3 Machi
Bustani imevamiwa. Sanamu saba za kisasa, katikati ya miti iliyopandwa kabla babu yangu hajazaliwa! Kubwa kuliko zote ni sikio la udongo mbichi, refu kunizidi, kando ya bwawa la kale. Halikuchomwa. Kwa nini? Nilimuuliza mchongaji. Alinisahihisha: udongo hauchongwi, hufinyangwa, kwa hiyo yeye ni mfinyanzi. Hoja nimeikubali. Kisha akasema hataki kibao. Watu watazame tu.

Nimeandika vibao vya bustani hii kwa miaka kumi na tisa. Hakuna mti usio na jina, na sababu ni mimi. Sasa Mama Mkurugenzi amevutiwa na maneno ya mfinyanzi. Baada ya ufunguzi, Jumamosi, ataamua kama vibao vyote ving'olewe, nami nihamishiwe langoni kuchana tiketi.

Jumanne, 4 Machi
Utafiti. Nilikaa nyuma ya mti wa mvinje, saa mkononi. Kibao cha mvinje: wastani wa sekunde mbili kwa kila mgeni. Sikio: dakika nne. Bibi mmoja alilinong'oneza jambo, akasubiri. Alisubiri nini? Nilipohakikisha sionekani, nami nikalinong'oneza jina la Kilatini la mvinje. Hakikutokea kitu. Hata hivyo nilibaki pale kupita kiasi kinachoelezeka.

Nyumbani nilimweleza mke wangu kwamba wageni hawajui kusoma. Akajibu kwamba labda vibao vyangu ndivyo havijui kunyamaza. Ukoo wao una ulimi. Kaka yake ndiye mtunza bustani wetu, tunayemwita Mikasi.

Jumatano, 5 Machi
Ajabu! Nimemkuta Mikasi akilinyunyizia sikio maji. Udongo mbichi, maji! Nilimuuliza anafanya nini. Alianza kueleza; nikamkatiza kwa hoja tatu, zikiwa na mifano. Alipopata nafasi ya kupumua, nilikuwa nimeshafika langoni.

Hitimisho: uzembe. Mwenye kuokoa sikio hili ataonekana na Mama Mkurugenzi kuwa mtu mwenye macho. Mtu mwenye macho hachani tiketi.

Alhamisi, 6 Machi
Ushahidi umejileta wenyewe. Magugu! Yamechipua ndani ya sikio, ukingoni, hata chini kwenye ndewe, panapovaliwa hereni. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Niliazima kibano cha nyusi cha mke wangu (hajui) nikayang'oa yote, arobaini na moja, moja baada ya jingine. Kila gugu kwenye pamba yenye maji, kila pamba na namba yake. Nimechora na ramani ya mahali lilipoota kila moja, kwa sentimita. Tuhuma isiyo na vipimo ni umbea.

Ijumaa, 7 Machi
Nilipeleka sinia la ushahidi mbele ya Mama Mkurugenzi, mfinyanzi na Mikasi. Nilizungumza dakika kumi na mbili. Nilipomaliza, hakuna aliyepiga makofi. Mfinyanzi alikuwa anahesabu pamba, midomo ikicheza.

“Mzee wangu,” akasema hatimaye, “lile sikio ni chungu tu. Kazi yangu ndiyo hiyo uliyoibeba kwenye sinia.”

Kumbe alichanganya udongo na mbegu za mimea iliyoota hapa kabla bustani haijalimwa. Alizipigia hesabu ziwe zimechipua kufikia siku ya ufunguzi. Sikio linasikiliza ardhi ya zamani. Ardhi ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kujibu.

“Shemeji, hayo ndiyo niliyokuwa nakwambia juzi,” akasema Mikasi. “Ila ulikuwa kwenye hoja ya pili.”

Mama Mkurugenzi aliuliza kama kuna mtu anayejua kila mche ulikuwa wapi. Ramani! Mchana kutwa nimepanda upya kwa kibano, Mikasi akisoma namba kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Mche wa kumi na saba ulikuwa bado umevaa ganda la mbegu kichwani, kama kofia. Niliutazama. Sijui jina lake. Niliendelea kuutazama mpaka Mikasi akauliza kama nimelala.

Jumamosi, 8 Machi
Ufunguzi. Miche thelathini na minane imesimama, mitatu inafikiria. Wageni walijaa. Mama Mkurugenzi ameamua vibao vibaki: anayeweza kuandika makazi ya miche arobaini na moja, amesema, akikaa langoni atatucheleweshea foleni. Mfinyanzi naye ameomba kibao kimoja mbele ya sikio, chenye neno moja: USIGUSE. Ameomba nikiandike mimi. Aliposema hivyo, Mikasi alilazimika kwenda kuegemea mti.

Niliwasilisha rasimu ya maneno mia tatu na kumi na mawili. Imekataliwa. Wivu.

Jumapili, 9 Machi
Sanamu ya chuma iliyo karibu na lango ilikuwa nyeusi siku ya Jumatatu. Leo ina madoa mekundu. Kutu! Na hakuna anayejali. Mikasi alinikuta nikipima madoa, akaanza kunieleza jambo kuhusu msanii wake na mvua. Nilimkatiza kwa hoja mbili tu, najirekebisha.

Msasa nimeshanunua.