Ng'ombe wa Uskoti na Kipaza Sauti Changu

Jumatano, 11 Juni 2025

Mwaka wa tatu huu natafsiri filamu kwenye gereji ya nyumba tunayopanga wageni hapa Glenwood, kusini kabisa mwa Afrika. Picha kwenye shuka, mimi kando na kipaza sauti, nasema kwa Kiswahili wanachosema waigizaji. Wasiposema la maana, nawasaidia. Sikusomea. Ujuzi niliuokota Bukoba, kwenye vibanda vya video, nimekaa juu ya kreti ya soda.

Sasa Omwenga, Mkenya wa chumba cha juu, anayesomea ule udaktari usiotibu mtu, ameleta hoja. Ametengeneza maandishi ya Kiswahili ya kukaa chini ya picha. Eti Gosbert, yaani mimi, apumzike. Apumzike! Tumepatana mbele ya wapangaji wote: Jumatatu ya sikukuu nitafsiri filamu atakayochagua yeye, kisha watu wanyooshe mikono. Nikishindwa, kipaza sauti kinaingia kabatini.

Mjanja kachagua vichekesho vya kijijini Uskoti. Wazee wawili majirani, hawasemeshani miaka thelathini. Kuna ng'ombe. Bunduki hakuna. Akaniuliza, kwa adabu ile ya wasomi, kama ningependa kuitazama kwanza. Nikamjibu kwamba sijawahi kutazama filamu kabla ya kuitafsiri. Mganga haulizi mgonjwa anaumwa nini.

Ijumaa, 13 Juni

Filamu yenyewe inaitwa Ng'ombe wa Jirani. Nani atatoka mbali kama Queensburgh kuja kuona ng'ombe wa jirani? Nimeandika bango langu: KISASI CHA NG'OMBE MWEKUNDU. Nimelipeleka sokoni Warwick, kwenye meza ya Matilda anayeuza viatu. Mtu wa Makete, haulizi mengi. Aliuliza moja tu, kama ng'ombe mwenyewe atapona. Nikamwambia sina hakika.

Pacifique, Mkongo anayelinda maegesho pale karibu, akataka kujua kama iko bagare, maana yeye bila ngumi analala. Nikamwambia iko mingi. Atakuja na walinzi wenzake watano.

Jumatatu, 16 Juni

Gereji ilijaa mpaka watu wakakalia sinki la kufulia. Walinzi mstari wa mbele, na sare zao. Omwenga nyuma, na kompyuta yake. Nikakohoa kidogo. Nilikuwa na sauti nzuri leo, lazima isemwe.

Dakika ya kwanza: ukungu. Ya pili: ukungu. Ya tatu, mzee akatoka nje, akautazama ukungu. Nikasema huyu ni komando mstaafu, anamsaka aliyemuua kaka yake. Komando akarudi ndani kupika uji. Nikasema uji una sumu. Akaunywa mwenyewe. Akaongeza bakuli la pili.

Ndipo akaja ng'ombe. Mwekundu, manywele yamemfunika macho. Akavuka uzio kwenda kwa jirani. Nikatangaza kwamba amebeba bomu tumboni. Jirani akamkamua. Pacifique akauliza bomu linakamuliwaje. Nikasema hilo ni bomu la maziwa. Sijivunii sana hilo. Kidogo tu.

Jirani akatia maziwa kwenye chupa, akaifunga shingoni mwa ng'ombe, akamrudisha. Mwenye ng'ombe akaikuta. Akaitazama muda mrefu mno. Kesho yake ng'ombe akavuka tena, safari hii na soksi mpya za sufu shingoni. Hakuna aliyesema neno. Nami nikaanza kueleza kilichofichwa ndani ya soksi.

Matilda akasimama. Hakupaza sauti. Alisema kama anavyomwambia mteja kwamba kiatu hakimtoshi:

"Kaka Gosbert, nyamaza kidogo. Ng'ombe anajieleza mwenyewe."

Nikazima kipaza sauti. Omwenga akawasha maandishi yake, ingawa hayakuwa mengi. Mvua ikanyesha juu ya mapaa ya Uskoti. Nilimsikia Matilda akimnong'oneza mwenzake kwamba ni Makete kabisa: baridi ileile, watu wanajua siri zako zote na bado wanakuletea maziwa. Kisha jirani akaugua. Mwenziwe akavuka uzio kwa mara ya kwanza, akasimama mlangoni, akasema hakuja yeye, kaletwa na ng'ombe. Gereji nzima ikacheka. Pacifique alicheka huku akijipangusa macho kwa kofia ya kazi. Mimi niliingiwa na vumbi. Gereji ile ina vumbi sana.

Mikono ikanyooshwa. Ya maandishi sikuihesabu. Kwangu ilikuwa miwili. Yote yangu.

Jumanne, 17 Juni

Kipaza sauti kimo kabatini. Omwenga alishuka na chai, akaomba niendelee kufunga shuka na kukaribisha wageni. Akasema pia kwamba pale niliponyamaza ndipo palipomgusa zaidi. Nimeiandika sentensi hiyo kwenye jalada la ndani la shajara hii.

Warwick wanazungumzia ng'ombe tu. Nimetafakari. Filamu bila ngumi, bila busu, na watu wameondoka polepole kama wanaotoka harusini. Imewezekanaje? Alikuwepo mtafsiri anayejua pa kukomea. Uskoti wamshukuru.

Alhamisi, 19 Juni

Walinzi wameomba nyingine ya hukohuko. Omwenga kaipata: mchungaji mzee, akina mama wa kanisa, mashindano ya keki. Jumapili saa tisa. Sijaitazama, bila shaka.

Nimegundua ufunguo wa gereji unafungua na kabati. Ufunguo wa gereji anao mfunga shuka.

Bango liko tayari: KEKI YA MAUTI. Matilda amekataa kulibandika, kwa hiyo nimemkabidhi Pacifique. Alilisoma mara mbili, akaniuliza kwa sauti ya chini, na safari hii nilihisi anaogopa jibu, kama iko bagare.

Nikamwambia iko mingi.