Fundi wa Paa Aliyepata Alama Tisini na Sita

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Paa linavuja. Si kwa siri tena. Mvua ya dakika kumi leo imefika mpaka chumba cha mbele, hatua mbili kutoka cherehani ya mama. Ameweka karai. Amesogeza meza. Kesho kwenye meza hiyo vinaletwa vitambaa vya sare mia moja na ishirini, mashati meupe matupu, na mwalimu mkuu ameshaonya: likionekana doa hata moja, kazi inahamia kwa fundi mwingine. Mama ameisubiri kazi hii miaka mitatu.

Ameniambia nitafute fundi wa paa. Eti mimi ndiye niliyesoma. Nilikubali kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha nikaenda uani nikashika ukuta.

Shemeji alikuwepo, mume wa dada, dereva wa lori, anakula. Akasema ana fundi wake, atamleta, mambo yaishe. Nikamwambia mambo hayaishi hivyo, kuna utaratibu. Akacheka mpaka akapaliwa. Akaniita Bwana Faili mbele ya mama.

Mama hakumkemea.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Bahati. Nimekuta masjala, chumba cha mafaili ninakofanya kazi, kwenye gazeti la zamani lililofungiwa wino, makala ya namna ya kumpata fundi wa paa mwaminifu. Angalia vyeti vyake. Tembelea kazi zake za nyuma. Zungumza na wenye nyumba. Andikeni mkataba. Usilipe zote kwa mkupuo. Kagua kabla ya kusaini. Nimeikata kwa rula.

Mchana wote nimetengeneza fomu. Maswali ishirini na saba, alama mia. Muhuri peke yake alama ishirini. Barua za wadhamini kumi na tano. Usafi wa faili kumi. Kupanda juu ya paa na kulikagua, alama mbili. Niliona zinatosha. Kupanda ni hatari, sitaki kumshawishi mtu.

Nilitoa nakala kwa mashine ya ofisi, nikasahau ile ya kwanza ndani. Bosi akaikuta. Aliniita. Miguu ilinifikisha, mimi sikuhusika. Alisoma maswali yote ishirini na saba, akasema fomu haina nafasi ya sahihi ya mkuu wa mwombaji. Akanirudishia.

Nimeiongeza.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Shemeji amemleta fundi wake bila miadi. Mtu mfupi, mfuko wa nyundo begani, haongei. Nimempa jina la Fundi Kimya. Nilikuwa nimeandaa kiti, kalamu mbili na fomu juu ya ubao wa kuandikia. Alisalimia, akaegemeza ngazi, akapanda.

Alitembea juu ya vichwa vyetu kwa muda mrefu. Aliposhuka alikuwa amekumbatia majani makavu na kandambili moja, yangu, iliyopotea nikiwa darasa la nne. Akasema pale mapaa mawili yanapokutana pameziba, maji hayana pa kupita. Misumari minane imepoteza mipira yake ya kuzuia maji. Bati moja limetoboka. Kazi ya nusu siku.

Nusu siku. Kwa paa zima. Mtu anayeona tatizo dogo hivyo ana jambo analificha.

Nikampa fomu. Akaitazama mbele, akaigeuza nyuma, akauliza ni ya nini. Nikamweleza. Akasema yeye watu humpigia tu simu. Muhuri hana. Barua hana. Faili ni huo mfuko wa nyundo. Alama mbili, za kupanda.

Shemeji akaniuliza kama nataka mwezeka paa au mwalimu wa mwandiko. Nikamjibu kwamba uamuzi utatolewa kwa maandishi.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimempata. Anajiita Injinia. Alikuja na tai, kofia ngumu isiyo na mkwaruzo, na faili lenye mifuko ya plastiki iliyopangwa kwa rangi. Karibu nimwamkie shikamoo, na tunalingana umri.

Hakupanda. Alisimama getini, akafumba jicho moja, akasema paa hili limechoka kimfumo. Mabati yote yatolewe. Niliogopa, kisha nikafarijika. Hatimaye mtu anayeogopa kama mimi.

Barua za wadhamini saba, zote zimeandikwa vizuri, zote kwa mwandiko mmoja, jambo linaloonyesha msimamo. Mihuri mitatu. Wa duara, wa mraba, na wa pembetatu. Miaka miwili masjala na sijawahi kuona wa pembetatu. Nilimwomba augonge tena niuone.

Alama tisini na sita. Mbili amekosa kwa kutopanda. Mbili kwa sababu kalamu yake iliisha wino.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Gazeti linasema tembelea kazi zake za nyuma. Baada ya kazi Injinia alinipeleka mtaa wa pili, nyumba yenye paa la kijani. Paa zuri sana. Mistari imenyooka kama daftari jipya.

Gazeti linasema pia zungumza na mwenye nyumba. Nilitaka. Lakini getini kulikuwa na mbwa, na Injinia akaniarifu kwamba mwenye nyumba amesafiri. Nikamuuliza yule mzee wa barazani anayesoma ni nani. Akasema ni mlinzi, na masikio yake hayafanyi kazi. Kwa hiyo nilisimama ng'ambo ya barabara nikampungia mkono. Akanipungia.

Nimeandika kwenye fomu: hakuna malalamiko yoyote.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Tumesaini mkataba. Kurasa tisa. Nimesoma kila neno mara mbili, kama nilivyofundishwa. Kifungu cha kumi na nne kinatoa dhamana ya miaka kumi dhidi ya uvujaji wote, isipokuwa wa maji yatokayo juu. Nikamuuliza kwa adabu maji mengine hutoka wapi. Akasema hiyo ni lugha ya kitaalamu. Nimeona aibu kuuliza zaidi.

Katika malipo sikubali kuchezewa. Si kwa mkupuo. Nimegawa mara tatu, asubuhi, mchana na alasiri, zote leo.

Mama aliuliza kama huyo mtu amepanda juu. Nikamwambia kupanda ni mbinu ya zamani. Alinitazama kama anavyotazama kitambaa kilichokatwa upande usio wake, akarudi kwenye cherehani. Mashati arobaini tayari. Nimeona anayafunga kwenye nailoni, moja moja.

Nikamwambia hakuna haja. Akasema, "Najua, baba," akaendelea kufunga.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Kazi imeisha. Siku moja tu. Nilipotoka ofisini paa lilikuwa jekundu, linang'aa, majirani wawili wamesimama kulitazama. Nilisimama nao kidogo kama mtu asiyehusika, nikasikia wanavyolisifu.

Injinia akanipa hati ya kukabidhiwa kazi. Nikamwambia samahani, lazima nikague kwanza. Sikutetereka. Nikapanda ngazi mpaka daraja la tatu. Kutoka hapo niliona ukingo wa bati. Ukingo mwekundu, hauna kasoro. Daraja la nne lililia kidogo, nikasaini nikiwa hapo hapo.

Shemeji alipita akauliza harufu ya rangi inatoka wapi. Nikamwambia mabati mapya hunukia hivyo. Akauliza mabati ya zamani yamepelekwa wapi, maana yeye ndiye mwenye lori na hakuna aliyemwita.

Wivu.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Imenyesha saa nane mchana. Naandika haraka.

Maji yameingia sehemu tatu. Zamani ilikuwa moja. Na ni mekundu. Mabati ni yaleyale, yamepakwa rangi ambayo haikuwa imekauka, na rangi inashuka na maji kuelekea kwenye mashati meupe. Mama hakupiga kelele. Alisema, "Shika huku," na tukabeba meza nzima mpaka chumba cha ndani, mimi nikirudi kinyumenyume na karai limekwama mguuni. Mashati tisini na mawili, yote kwenye nailoni. Hakuna hata moja lililoguswa.

Lililoguswa ni langu la ofisini, lilikuwa juu ya kamba. Sasa ni la waridi.

Nimempigia Injinia. Alikuwa mtulivu, mpole. Akaniuliza maji yametoka wapi. Nikasema juu. Akaniuliza kifungu cha kumi na nne kinasemaje. Nikamsomea. Akanishukuru kwa kuelewa.

Sare zinatakiwa Alhamisi. Mawingu bado yapo. Mama anashona jikoni, cherehani imekaa karibu na jiko, na kila ngurumo anainua macho juu, kisha kwangu.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Nimekwenda kazini na shati la waridi. Bosi aliuliza kama kuna sherehe.

Nyumbani nikakuta mgeni, mzee amekuja kupunguziwa suruali. Nikamtambua kabla hajageuka. Mzee wa barazani. Nikajibanza chumba cha ndani na kusikiliza. Masikio yake yanafanya kazi vizuri sana. Alikuwa anamsimulia mama jinsi kijana mmoja alivyosimama ng'ambo ya nyumba yake wiki iliyopita, na mtu wa tai, akimpungia mkono tu bila neno, mpaka yeye akamwonea huruma akampungia.

Mama akamuuliza paa lake la kijani aliwekewa na nani. Akasema ni fundi mmoja mfupi, haongei, na mwaka wa pili sasa halijadondosha tone.

Mzee akaaga. Kisha nikamsikia mama akimpigia simu Shemeji.

Jumanne, tarehe 18 Machi

Fundi Kimya alikuwa juu nilipotoka kazini. Amezibua pale palipoziba, amebadili misumari, ameweka bati moja. Nusu siku kasoro. Shemeji alimshikia ngazi, na kila nilipopita akaniuliza kama ngazi nayo ijaze fomu.

Nilimwomba Fundi Kimya asaini walau kwamba alifika. Akasema nikitazama juu nitajua alifika.

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Imenyesha kwa saa mbili nzima, alfajiri, mvua ya kufunika maongezi. Mama alikaa katikati ya chumba cha mbele, mikono mapajani, akisubiri. Hata tone. Karai limebaki kavu. Alilichukua, akaenda kufulia.

Sare zimepelekwa. Mwalimu mkuu aligeuza kola moja moja, zote mia moja na ishirini, kisha akampa mama kazi ya mwaka ujao pia. Mama amepika. Fundi Kimya na Shemeji wamepakuliwa kwanza. Mimi nimepakuliwa.

Lakini niliacha sahani, nikaenda kulifungua faili. Paa halivuji, sawa. Ushahidi uko wapi? Hakuna hati hata moja nyumba hii inayosema kwamba paa halivuji. Mtu akiniuliza nitamwonyesha nini, dari?

Nimempigia Injinia. Ameelewa haraka. Anatoa cheti cha kutovuja kwa ada ndogo, na hahitaji hata kufika.

Jumatatu, tarehe 24 Machi

Cheti kilifika jana. Mihuri minne. Wa nne una umbo la nyota. Kinathibitisha kwamba paa letu halivuji, na ni kweli tupu, tangu lini karatasi ya huyu bwana imesema uongo? Nimekilinganisha na dari. Vinakubaliana. Nimekiweka mbele kabisa ya faili na usiku nimelala vizuri kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Nimeongeza swali la ishirini na nane: mihuri ina maumbo mangapi.

Leo Bosi ameniita tena. Safari hii miguu ilikuwa yangu. Nyumba yake inavuja juu ya kitanda, amesikia kwetu palitengenezwa pakatengenezeka, akauliza tulimpata vipi fundi. Nikampa faili zima. Alifunua ukurasa kwa ukurasa, fomu, barua, mkataba, cheti. Aliutazama ule muhuri wa nyota kwa muda. Akasema laiti wafanyakazi wote wangekuwa na mpangilio kama wangu, na akanakili namba ya Injinia kwa mkono wake mwenyewe.

Fundi Kimya sikumtaja. Ndani ya faili hayumo.