Sheria ya Hiari ya Bata Bukini

Kwa furaha kuu, Ofisi ya Hiari ya Ndege iliwatangazia wakazi wote wa Gers, mkoa wa Ufaransa unaosifika kwa maini ya bata, kwamba, kuanzia Jumatatu, hakuna bata bukini atakayeshindiliwa mahindi kooni ili anenepe ini. Kifungu cha tisa kilikuwa wazi: kiumbe chochote, bila ubaguzi, kikikataa chakula mara tatu na bado kikaongezeka kilo mbili kwa siku kumi, kitahesabiwa kimelazimishwa. Mtu ambaye alama yake ya umiliki iko juu ya kiumbe hicho atanyang'anywa viumbe vyake vyote, na vitakabidhiwa mfugaji wa karibu asiye na doa. Maneno "bila ubaguzi" aliyaongeza Mkurugenzi Dastugue mwenyewe, maana yalipendeza kwenye televisheni.

Mkaguzi Fulbert Lacaze alitumwa akiwa na mizani, akakae siku kumi kwa Bibi Honorine, mjane mwenye bata bukini kumi na wawili na asiye na kingine duniani. Ili kuthibitisha mizani, alijipima kwanza yeye: kilo sitini na nne.

Bibi alitii sheria. Mrija wa kulishia akautundika ukutani. Saa ya chakula bata walijipanga mlangoni wakipiga kelele, naye Lacaze akaandika: "Wanalalamika kutolazimishwa. Jambo hili halina fomu."

Basi mikono iliyoshindilia miaka hamsini ikakosa kazi, ikamgeukia mgeni.

"Kula, mwanangu. Mbavu zako zinahesabika toka barabarani."

"Hapana, Bibi, nimeshiba."

"Nani kakuuliza kama umeshiba?"

Huko, kukataa mara ya kwanza ni adabu, mara ya pili ni haya, na mara ya tatu maana yake chumvi haikukolea, kwa hiyo unaletewa sahani nyingine. Lacaze alikataa maharage yenye mafuta ya bata, akayala. Akakataa keki ya plamu, akaimaliza. Siku ya sita alilegeza mkanda, na, Mungu amsamehe, alikuwa na raha tele.

Siku ya kumi Mkurugenzi alifika na kamera tatu. Bata wakapimwa, hakuna aliyeongezeka hata robo.

"Hata mmoja hakuna?" alifoka. Alikuwa ameshawaahidi watazamaji mhalifu.

Lacaze, mkweli mpaka anakera, akapanda mizani. Sitini na nane na nusu.

"Yupo mmoja, Mheshimiwa. Amekataa mara thelathini na moja. Nimeziandika zote."

"We mwehu nini? Wewe si bata!"

"Kiumbe chochote, bila ubaguzi."

"Basi mkamateni huyu bibi!"

"Sheria inauliza alama ni ya nani, Mheshimiwa." Akainua kitambulisho shingoni: nembo ya Ofisi, na chini yake saini ya Dastugue.

Kamera zikasogea.

"Sheria ni msumeno, baba," alisema Bibi Honorine kwa upole.

Wiki iliyofuata Mkurugenzi alikuwa peke yake ofisini na mihuri yake, hana hata wa kumwamkia. Wakaguzi wake arobaini, wote wenye saini yake shingoni, waliteremshwa kwa mfugaji wa karibu asiye na doa. Bibi Honorine aliwapanga kwenye nyasi, akawapapasa mbavu mmoja mmoja, machozi ya huruma yakimlengalenga.

"Masikini wanangu," alisema akikunja mikono ya gauni. "Huyo bwana alikuwa anawalisha nini?"