Mifuko Minne ya Simenti

Leo nimeaibika, na aibu yenyewe nimeifuata kwa miguu yangu, nikiwa nimevaa abacost, suti yangu ya heshima, iliyopigwa pasi. Jamaa zangu wa Likasi, ninyi mliosoma nami ukarani, nawaandikia jioni hii hii kabla hamjaipata kwa wengine. Malori ya huko yanafika hapa Kolwezi kila siku, na habari ya namna hii haikosi nafasi.

Mnajua ninajenga. Vyumba vitatu, kuta zimesimama, mabati bado, na mvua za kwanza ni za wiki ijayo au ile nyingine. Mnajua pia nilivyo na wasiwasi. (Mke wangu, mama Kabwe, anasema siku nikikosa cha kuhofia, nahofia kwamba kuna kitu nimesahau.) Basi wiki iliyopita nikaona ufa kwenye ukuta wa chumba watakacholala watoto. Mwembamba kama unywele. Tangu siku hiyo, kila mgodi ukilipua mawe mchana, natoka mbio kwenda kuupima ufa kwa kidole.

Fundi wangu ni tata Ilunga, mzee asiyepandisha sauti. Tuliandikiana mkataba: mimi nanunua mifuko kumi na miwili ya simenti, yeye anaimalizia yote kwenye nyumba. Nikaenda kuhesabu mifuko mitupu uani. Minane. Nikahesabu tena, nikianzia upande wa pili. Minane. Hapo kichwa changu kikafanya kazi haraka kuliko kawaida yake: minne ameiuza, mchanga umezidi, ukuta utawaangukia wanangu. Halafu nikaona vumbi la simenti kwenye baiskeli yake. (Ndiyo, jamaa. Nilimshuku fundi wa ujenzi kwa sababu ana vumbi la simenti.)

Nilipomwuliza, aliweka mwiko chini.

"Tata, ciment yote iliingia mu mur ya nyumba. Mi sikuuzisha ata kidogo."

"Na mifuko minne iko wapi?"

"Sijue. Mi najenga, sichungake makaratasi ya mifuko." Akaniangalia kidogo. "Ukisema vile kwa chef, kazi ya bapadri nitaikosa. Niko na batoto saba."

Hilo nililijua. Parokia inajenga shule, na Padri amemwomba chef de quartier wetu, mkuu wa mtaa, amtajie fundi mwaminifu. Wote walikuwa wakimtaja tata Ilunga. Nilijua, na bado nikaenda kumshtaki. Nilitaka nionekane mtu asiyechezewa.

Kwa jioni nne niliandika mashtaka. Neno "fraude", yaani udanganyifu, nililipigia mistari miwili chini yake. Mama Kabwe alikuwa akiongea nami huku nikiandika, nami namjibu, "Ndiyo, ndiyo, sawa." Leo asubuhi nikampa ile farde ya kutilia karatasi zangu, nikamwambia aivalishe jalada, maana imechakaa, nami siwezi kwenda kwa mkubwa na kitu kilichochakaa. Akaivalisha vizuri sana, karatasi ya rangi ya kahawia, pembe zimekunjwa kama za daftari la shule. Nikamsifu.

Saa tatu nikafika kwa chef. Farde kwapani, mifuko minane mitupu nimeifunga kwa kamba, iwe ushahidi. Nusu ya mtaa ilikuwa pale. (Niliwaalika mwenyewe. Nilipita nyumba kwa nyumba.) Tata Ilunga alikaa kwenye kiti cha pembeni, kofia mkononi. Hakuvaa kitu kipya.

Nikasoma kurasa sita nimesimama. Nilipofika kwenye "fraude" nilipandisha sauti. Lakini kila nikiinua macho namwona yule mzee ananisikiliza kwa adabu.

Chef akaniuliza, "Citoyen, ulimuona anauzisha ile ciment?"

"Sikumwona."

"Ulimuona nani anainunua?"

"Hapana."

"Saki ya ciment ikikosekana, ni saki imekosekana. Bwizi ni kitu ingine. Ile fraude unaitosha wapi?"

Nikasema inatoka kwenye hesabu, na kwenye ufa. Nikaieleza hatari ya ufa mpaka mama mmoja akajipiga kifuani.

Tata Ilunga akaomba ruhusa ya kusema. "Chef, ile ufa iko ku crépi, ile lipu ya juu tu, mu mur haimo. Nilimuambia amwangie mayi siku saba, crépi isikauke mbio. Tata, ulimwanga siku ngapi?"

Watu wote wakanigeukia.

"Moja," nikasema.

Nilitamani kukaa, lakini kiti changu alishakikalia mtu. Nikaona bora nirudi kwenye mifuko. Hapo nina hesabu, nikajiambia, hapo hawanipati. Nikaipiga ile farde kwa kiganja, pa, nikasema, "Na ile minne, nayo ilikauka?"

Likatoka vumbi la kijivu. Likatua kwenye abacost.

Tata Ilunga akaitazama farde, akanitazama mimi. Nadhani alinihurumia, maana alisita kabla ya kuuliza. "Tata, ile karatasi ya inje, ulitosha wapi?"

Chef akanyoosha mkono. Nikampa. Akaifungua pembe polepole, akaivua, akaigeuza upande wa ndani na kuwaonyesha watu. Herufi kubwa za kiwanda cha simenti, hata mshono wa chini upo.

Kisha sauti ikatoka nyuma, miongoni mwa wanawake, na sauti hiyo nalala nayo nyumba moja.

"Mi njo nilizikamata zile saki. Zote ine. Juu ya kufunika makaye ya batoto, ile madaftari ya masomo." Mama Kabwe alikuwa amesimama. "Masomo ilianza, batoto batano, makaye haina na kifuniko. Nilikuambia, baba Kabwe. Ulijibu ndiyo, ndiyo, sawa. Ulikuwa unaandika ile fraude yako."

Jamaa, mtaa ulicheka mpaka mbuzi wa chef akakata kamba. Mimi sikucheka. Nilikuwa namwangalia tata Ilunga, naye hakucheka pia. Alikuwa anajifuta macho kwa kofia, na hapo ndipo niliona haya ya kweli. Mzee wa watu alikuwa ameogopa kuliko mimi.

Nikamwomba msamaha mbele ya wote. Chef akasema haitoshi. "Jina ya ule muntu uliiharibisha nyumba kwa nyumba. Andika barua kwa Padri, useme tata Ilunga hakuiba kitu, weye njo ulikosa. Kesho asubui uipeleke weye mwenyewe."

Karatasi hakuwa nayo. Akanipa ile ile ya jalada. Nikaandika upande usio na herufi, kwa mwandiko wangu wote wa karani, yeye akapiga muhuri.

Tulipotoka nje, tata Ilunga akaniambia atakuja kesho kupiga mabati, mvua haingoji. "Ila mayi, tata. Umwange mayi." Nimeshamwaga ndoo tisa, nimelowa hadi viatu.

Kesho Padri ataisoma barua yangu, na ninavyomjua, ataisoma kwa sauti. Angalau isionekane njiani, nikajiambia. Nimemwomba mama Kabwe anitafutie bahasha. Anasema bahasha hana, lakini mifuko ya simenti bado iko minane.