Alamu Iliyolia Ndani ya Kabati la Torati

Leo nimevuliwa nguo mbele ya watu, na nilikuwa nimevaa kitenge hadi kwenye vifundo, blauzi ya mikono mirefu na kitambaa kichwani. Ninaandika sasa kwa sababu nyota zimetoka, Sabato imekwisha, na ninaruhusiwa kushika simu. (Simu yenyewe ndiyo mshtakiwa. Ninaishika kwa vidole viwili.)

Kwa wapya kwenye kundi hili: sisi ni Wayahudi. Ndiyo, hapahapa Goma, mtaa wa Katoyi. Hapana, hatukutoka Israeli. Papa, baba yangu, alikuwa mchungaji wa kanisa la vipaza sauti, akaanza kusoma sana, akauliza maswali, kanisa likamfukuza, naye akaendelea kuuliza mpaka akafika kwenye Sabato na kukaa hapo. (Mkiniuliza tabia ya kuhoji kila kitu nimeitoa wapi, jibu ndilo hilo. Tofauti ni kwamba yeye alipata majibu.) Watoto wote alitubadilisha majina. Mimi niliyekuwa Clarisse nikawa Yaeli, na jina la zamani halitajwi tena nyumbani. Salon yetu, yaani sebule, ndiyo sinagogi. Kabati la vyombo la mama ndilo linalotunza gombo la Torati: juu gombo, nyuma ya pazia la velveti, chini droo ya sahani.

Na kwa wanaojua upande wangu mwingine: Espérance, ambaye mama anamfahamu kama camarade wangu wa chumba kule chuoni Bukavu, ni mpenzi wangu. Ninyi mnajua. Mama hajui.

Alikuwa hajui.

Siku niliyopanda boti kuja likizo, Espérance alinisindikiza hadi bandarini. Akachukua simu yangu, akajitenga kidogo, akarekodi sauti yake na kuiweka iwe alamu ya asubuhi. Masharti yalikuwa mepesi: utanisikia kila siku, na usiitoe mpaka umwambie mama yako. Nikaahidi. Pale bandarini kila kitu ni rahisi, maji yanameremeta na mama yako yuko ng'ambo ya ziwa.

Tangu nifike, kila asubuhi sauti inaanza, "Clarisse, amuka," na kidole changu kinaizima hapohapo. Nimekuwa bingwa. Ninaizima nikiwa bado ndotoni. Na kwa kuwa ni likizo, niliisogeza hadi saa tatu ili nilale vizuri. (Uvivu nao una adhabu yake, sikujua.)

Ijumaa huwa ninazima simu kabisa kabla ya jua kuzama. Jana tulikuwa tunagombana kwa meseji. Aliuliza kama nimesema. Nikajibu bado, papa ana wageni. Akaandika kwamba papa wangu ana wageni tangu mwaka wa kwanza. Nikawa ninatafuta jibu zuri, mama akaita kutoka salon, mishumaa iko tayari, wananingoja mimi tu. Nikakimbia, nikasukuma simu ndani ya droo ya sahani, nikajifunika macho, nikabariki mishumaa pamoja naye. Sikuizima. Nilikuwa ninafikiria jibu.

Sasa tufike leo asubuhi.

Jumamosi asubuhi hapa kwetu ni salongo, watu wanafagia mtaa, maduka yamefungwa, pikipiki hazipiti. Siku nyingine yoyote kelele za barabara zingeniokoa. Leo ungesikia kuku akimeza mate.

Wanaume walikuwa kumi. Wasipotimia kumi gombo halisomwi, na sisi tuna kumi tu, hakuna wa akiba. Mmoja wao ni Muzee Eliya, anayetoka Kituku kwa miguu na fimbo, na masikio yake yamechoka kuliko miguu. Wakiwa pungufu papa hulifunga pazia bila neno, na siku hiyo anakula kidogo. Leo walitimia. Nilimwona kupitia upenyo wa kitenge kinachotutenga sisi wanawake: uso unang'aa, shali imenyooka. Akasogea mbele ya kabati. Wote wakasimama. Akashika pazia la velveti. Kimya.

Kabati likasema, "Clarisse, amuka."

Muzee Eliya akajibu, "Amina."

"Amuka, roho yangu," kabati likaendelea.

Papa ni mtu wa haraka. Akaanza kuimba kwa ile sauti yake ya zamani ya mchungaji, wengine wakamfuata, wimbo ukafunika yaliyobaki. Baada ya kama dakika moja sauti ikakatika. Mimi nikakumbuka jambo ambalo ninyi pia mnalijua: alamu isipozimwa hainyamazi. Inapumzika tu.

Hapo ndipo nilipopaswa kufanya kitu. Hebu mnisaidie kufikiri, maana mimi nilishindwa. Nikitoka nyuma ya kitenge, nivute droo na kuzima simu, nitakuwa nimevunja Sabato mbele ya gombo na mbele ya kila mtu anayemfuata papa, mimi, binti wa nyumba. Jioni hiyohiyo wangesema: kama ameshindwa kumfundisha mwanawe, sisi anatufundisha nini? Nisipoizima, Espérance atasema yote. Kule Bukavu ninashika simu kila Jumamosi, ninacheka nayo, ninapiga nayo picha za wali. Leo mkono ulikuwa mzito kama jiwe la volkano. (Nilimwomba hata Mungu, ambaye bado nina mazungumzo naye, amalize betri. Ilikuwa imejaa.)

Mama alinishika kiganja cha mkono. Hakuniangalia. Alikishika tu, kwa nguvu.

Upande wa wanaume wakaanza kuulizana. Waliojiunga na sisi baadaye hawalijui jina langu la zamani. Mmoja akasema, "Clarisse ni nani?"

"Simujue," papa akajibu.

Papa hasemi uongo. Alipoteza kanisa zima kwa sababu ya kutosema uongo. Na leo, siku ya Sabato, mkono ukiwa kwenye pazia, alisema hajui Clarisse ni nani, yeye aliyenipa jina hilo kwanza.

Ukafuata mjadala wa sheria. Wa kwanza alisema simu haiguswi ila droo yaweza kusukumwa kwa kiwiko. Wa pili akasema hapana, droo iliyobeba simu nayo imekuwa kama simu. Wa tatu akauliza, na zile sahani tutakazolia mchana je? Wakaanza kuzihurumia sahani. Ndipo papa akamkumbuka Mama Furaha.

Mama Furaha ni jirani yetu, Mkatoliki wa Butembo, anayetuangalizia moto wa makaa siku ya Sabato ili maharage yasipoe. Hatuwezi kumwomba afanye kitu. Tunaweza tu kusema kwa sauti, kama mtu anayejisemea, kwamba moto unafifia, naye anaelewa. Miaka yote ameelewa. Papa akasogea dirishani, akaiambia hewa kwamba leo nyumba hii ina makelele.

Mama Furaha akajibu kutoka uani, "Ndiyo papa, nasikia. Leo munaimba muzuri."

Papa akajisemea tena, kwa sauti zaidi, kwamba kama kitu cha ndani ya droo ya sahani kingenyamaza, watu wangesali kwa amani. Hapo Mama Furaha akaelewa. Akaingia akifuta mikono kwa kitenge chake, akavuta droo, na wakati huohuo alamu ikaamka. Akaitoa simu kati ya sahani, akaiona inawaka na kutetemeka. Akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye adabu hufanya na simu inayoita.

Akaiweka sikioni.

"Alo?"

"Clarisse, amuka," Espérance akasema. Simu ilikuwa kwenye sauti ya juu kabisa, sote tulisikia.

"Ameisha kuamuka, mama. Clarisse iko hapa, nyuma ya hii kitenge." Akanyoosha kidole. Vichwa vyote vikageuka, kikiwemo cha yule aliyeuliza Clarisse ni nani. Kisha vikageuka kwa papa.

"Amuka, roho yangu. Ni miye Espérance."

"Eh, Espérance. Habari ya kwenu?"

"Kitanda ni kikubwa. Miguu yangu inasikia baridi juu wewe hauko hapa."

 Mama Furaha akaitoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha polepole. Mimi nami nilikuwa ninasikiliza. Tangu bandarini sikuwahi kufika hapo. Kila asubuhi niliikata sauti hiyo mwanzoni, na leo ndipo nilipogundua kwamba mwishoni alikuwa analia.

"Usiniite tena camarade. Nimechoka kuwa camarade. Umeisha kumwambia mama yako?"

Mama alikuwa ametoka nyuma ya kitenge. Hata sikuhisi alipouachia mkono wangu. Mama Furaha akamtazama, wanawake wawili waliosaidiana kuzaa, kuzika na kukimbia lava. Akaongea ndani ya simu kwa upole, kama mtu anayepeleka habari za msiba.

"Bado, mwanangu. Ila sasa amesikia."

"Clarisse, amuka," sauti ikaanza upya.

Hakuna aliyecheka. Mama Furaha akabonyeza kila alichoweza kubonyeza mpaka ikanyamaza, akairudisha juu ya sahani, akasema anaenda kuona maharage.

Wanaume wawili wakakunja shali zao, vizuri, kwa kulinganisha pembe. Wakatoka bila kuaga. Wakabaki wanane. Papa alisimama kidogo mbele ya kabati, akalifunga pazia. Gombo halikusomwa. Muzee Eliya akamuuliza jirani yake nini kimetokea, na jirani akajifanya hakusikia, yeye mwenye masikio mazima. Wakati wa kuondoka, Muzee Eliya peke yake ndiye aliyenigeukia. "Shabat shalom, mwanangu," akasema, na ilinibidi niangalie ukutani.

Nilingoja papa apasuke. Akaketi mezani, akabariki mkate, akasema, "Leo ni Sabato. Siku ya Sabato watu hawakae kilio. Tukule."

Na ndivyo ilivyokuwa. Sheria inakataza kuomboleza leo, kwa hiyo hatukuomboleza. Tulikula maharage na fufu. Papa akaimba nyimbo za meza, zote, hata ile ndefu, na sauti ikimkwama alikunywa maji na kuurudia ubeti. Wadogo zangu wakaimba wakiangalia sahani. Mama alinipakulia. Nilipomaliza akanipakulia tena, bila kuniuliza, bila kuniangalia. Nikayala na hayo. Mchana mzima tulikaa salon kama watu wanaosubiri ripoti ya hospitali na wameambiwa watabasamu. Sijawahi kuona jua linalochelewa hivyo.

Jioni tulitoka uani kutafuta nyota. Papa akawasha mshumaa wa kuagia Sabato, akanusisha kila mmoja karafuu, akanisogezea na mimi. Akauzima mshumaa ndani ya divai. Moshi ukapanda.

"Sasa inaruhusiwa," akasema.

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akajifunika uso kwa shali, akalia. Sikujua kama alilia kwa ajili yangu, au kwa wale wawili, au kwa gombo. Nilitaka kumuuliza. Mimi huuliza kila kitu. Yeye ndiye aliyeuliza.

"Juu ya nini haukugusa ile simu? Kule Bukavu unaigusa kila Sabato. Unafikiri sijue?"

Nikamwambia sikutaka kumwaibisha mbele ya watu wake.

Alijifuta uso kwa ile shali. Kisha akasema, "Ungeigusa tu, mutoto yangu."

Akainuka, akaingia ndani. Mpaka sasa sijui alimaanisha kwamba angenisamehe Sabato, au kwamba angependa kubaki bila kujua. Nimeligeuza lile neno kila upande. Pande zote linaniuma. Kitu kimoja nina uhakika nacho: kati ya Sabato zote za maisha yangu, ni leo tu nilipoishika bila dosari, na ndiyo siku niliyowavunja wale kumi wa papa.

Mama je? Yuko jikoni anaosha zile sahani, zote, hata ambazo hatukuzilia.

Nilimpigia Espérance. Nikamwambia mama amejua. Akauliza kwa sauti ndogo, "Wewe mwenyewe ulimwambia?"

Nikajibu kwamba ilisemwa mbele ya watu wote, waziwazi, gombo likiwa palepale.

Akaanza kulia, kilio kingine, si kile cha bandarini. Akasema hakuwahi kuamini nina moyo wa namna hiyo. Akasema sasa ninaweza kuitoa ile alamu. Akauliza mama alijibu nini, nikasema alinipa maharage mara mbili, akacheka huku analia, akasema hiyo ni dalili nzuri. Labda. Ningetaka sana kujua.

Sikumsahihisha. Tayari leo nimepoteza watu wa kutosha.

Kwa hiyo ninyi mnaocheka huko mliko, chekeni taratibu, nyumba yetu ina matanga. Na Espérance hayumo kwenye kundi hili. Atakayemwonyesha haya, nitamtumia Mama Furaha ampigie simu.