Walzi ya Soseji

Alhamisi, 14 Aprili 1949

Nimepata wimbo! Shangazi Neža alikuwa akisukuma unga wa potica, mkate wetu wa Pasaka, huku akighuni, mdomo kaufumba, kitu cha polepole cha kwao Slovenia. Kitamu ajabu. Mimi nimezaliwa hapa Cleveland na sijawahi kukisikia. Kwa hiyo hakuna anayekijua.

Nikamwomba maneno. Akasema we mtoto Rudi, hii Kwaresima, nyimbo za dunia haziimbwi, koma. Nikamvunjia jozi, zile kokwa ngumu za kujaza mkate, mpaka vidole vikavimba, mradi aendelee kughuni. Kodiani yangu imeshaudaka wote.

Jumatatu kuna dansi yetu Waslovenia, ya kwanza baada ya Kwaresima. Bwana Pratt, mtu wa santuri, atakuja kuchagua mwanamuziki mmoja tu wa kurekodi. Vinko Zupanc, mpinzani wangu, anajiona keshachaguliwa. Kashona na suti. Atalia!

Jumamosi, 16 Aprili

Nimeupa wimbo mapigo matatu. Sasa ni walzi ya kuchezwa wawili wawili. Maneno nimetunga mwenyewe: kijana anamnunulia mchumba soseji, mbwa anaila. Mazito! Mke wangu Tončka akauliza mbona wimbo wa soseji unatia huzuni hivi. Hajui muziki.

Kanisani, padri akibariki makapu ya vyakula vya Pasaka, Vinko akaniuliza nina jipya gani. Nikamwambia asubiri. Akasema anasubiri tangu tuko shule. Mshenzi!

Jumatatu, 18 Aprili

Sitaki kuandika. Naandika.

Nikatangaza ukumbini: nimeutunga mwenyewe wiki hii. Nikapiga. Kabla sijafungua mdomo, ukumbi mzima ukaimba! Akina mama sauti za juu, wazee besi. Kumbe ni mama anamuaga mwanawe anayekwenda Amerika, hajui kama watakutana tena. Watu wanacheza huku wanalia. Na mimi katikati, mbwa na soseji. Ningeacha, lakini sikuwa na maneno mengine.

Vinko akauliza, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, kama marehemu bibi yake alikuwa akiniibia nyimbo kabla sijazaliwa. Kicheko! Bwana Pratt akafuta machozi, akasema anautaka wimbo huo, na walzi iwe hiyo hiyo. Moyo wangu! Kisha akasema aimbe Vinko.

Imeniuma. Imeniuma sana.

Shangazi akanishika bega. Akasema mapigo umeyapanga vizuri, mwanangu. Maneno si ungeniuliza jana tu? Kwaresima ilikuwa imeshakwisha.

Jumanne, 19 Aprili

Nimetafakari. Kosa nimeliona: Shangazi ana ndugu wengi mno.

Leo Mama Bruna, jirani yetu Mtaliano, alikuwa akianika nguo huku akighuni kitu. Kitamu ajabu. Sijawahi kukisikia. Nimejitolea kumshikia vibanio.

Maneno sikumwuliza. Ninayo tayari, yale ya soseji.