Malalamiko Kuhusu Saa ya Maua Iliyotangulia Maiti

Duka la Maua la Bi Halina Wojtas,
Chicago.
Jumamosi, Mei 1926.

Kwa Mheshimiwa Kapteni Ignatius Dowd,
Kituo cha Polisi cha mtaa wetu.

Mheshimiwa Kapteni,

YAH: USUMBUFU WANAOUPATA WATENGENEZAJI WA MAUA YA MAZISHI

Naomba uniwie radhi kwa kuchukua muda wako. Mimi ni Wendelin Pruszak, karani wa duka lililotajwa hapo juu. Nimesoma hadi shule ya biashara, napiga taipu kwa vidole vyote kumi, na sijawahi kukamatwa. Leo naandika kwa mkono kwa sababu taipureta iko juu ya meza na mimi niko chini yake.

Sina neno na biashara ya bia. Tangu serikali ikataze pombe, hata watoto wanajua kwamba mapipa ya kusini ni ya Bwana Tumminaro, ya kaskazini ni ya Bwana Hanratty, na vijana wao wakikutana katikati hawasalimiani kwa mikono. Hayo ni ya wakubwa. Mimi nalalamikia maua tu.

Wewe mwenyewe huhudhuria mazishi hayo ukiwa na vifungo vilivyong'arishwa, kwa hiyo unaijua desturi: aliyemuua marehemu ndiye anayepeleka shada kubwa kuliko yote, ili wafiwa waone kwamba si yeye. Sisi tunahudumia pande zote mbili. Kutokana na hali hiyo, nina malalamiko yafuatayo.

1. Watu hawa huuawa ovyo, bila kufikiria kwamba waridi huja kwa treni. Wiki iliyopita walikufa watatu Jumapili, siku ambayo hata yungiyungi moja halipatikani mjini. Bi Halina alilazimika kung'oa maua ya dirishani kwake, na amekuwa akinitazama kana kwamba niliwapiga risasi mimi.

2. Hakuna kiasi. Bwana Tumminaro akiagiza shada la futi sita, Bwana Hanratty anataka futi nane. Kinubi cha maua cha mwezi jana kilikataa kupita mlango wa kanisa. Padri Bronisław akasema, "Wendelin, mwanangu, kipitishe dirishani." Nikamwambia dirisha lina Mtakatifu Petro wa vioo. Akasema, "Petro anawajua hawa, atawapisha." Petro hakupisha, Mheshimiwa. Alivunjika goti.

3. Sasa nafika kwenye lililonileta chini ya meza.

Kuna pambo tunaloliita Saa ya Huzuni. Ni saa kubwa ya mikarafuu myeupe, na mishale yake husimamishwa kwenye saa aliyokata roho marehemu. Mjini hapa hakuna anayeitengeneza vizuri kama Bi Halina. Jumanne alikuja Bwana Calogero, yule mtu wa Bwana Tumminaro mwenye meno ya dhahabu, akaagiza moja kwa ajili ya marehemu Lorcan Tierney, dereva wa Bwana Hanratty. Nilimpa pole. Nikamuuliza, kama tulivyofundishwa, marehemu alifariki saa ngapi.

Alifikiri kidogo, akasema, "Weka saa tisa. Mchana. Ipeleke kesho kwa mama yake."

Shuleni tulifundishwa kwamba mteja hapaswi kusubiri. Kwa hiyo kesho yake asubuhi mapema nilikwisha kufika kwa Bi Nora Tierney, nimekumbatia saa yenye kimo changu, nimevua kofia kwa meno kwa kuwa mikono haikuwa na nafasi. Mlango ukafunguliwa na kijana aliyevaa fulana, ana yai mdomoni.

"Nani kafa?" akauliza.

Nikasoma utepe. "Lorcan Tierney, bwana. Poleni sana."

"Lorcan Tierney ni mimi."

Nilimwambia kwamba katika hali hiyo nampa pole yeye binafsi. Mama yake akatokea jikoni akifuta mikono. "Ee, maua mazuri hayo! Ingiza ndani, baba, yasije yakanyauka." Lakini Lorcan alikuwa akiitazama ile mishale. Akatazama saa yake ya mkononi. Kisha akasema taratibu, "Mama, leo saa tisa nilikuwa niende kunyolewa." Hakwenda. Siku hiyo saa tisa, pale kwa kinyozi, kiti kilipigwa risasi nyingi sana, na hakikuwa na mtu.

4. Kutokana na jambo hilo, pande zote mbili zimenikasirikia, jambo ambalo si haki. Wahenga walitaja nyasi chini ya tembo wanaopigana. Karani wa maua hawakumtaja. Bwana Calogero alikuja akitabasamu meno yote. "We kijana, nilikuagiza saa au nilikuagiza tarumbeta?" Kisha akasema atarudi Jumatatu kuagiza saa nyingine, akaniuliza mimi mwenyewe napenda maua gani. Kwa mazoea ya kazi nikajibu. Alipotoka tu akaingia mtu wa Bwana Hanratty, akanishika tai. "Bwana mdogo, nani kalipia yale maua? Jumatatu nataka jina." Nikilitaja jina, Calogero ataniua. Nisipolitaja, huyu ataniua. Nina umri wa miaka ishirini na mbili, Mheshimiwa, na nilikuwa nimepanga mengine.

5. Kwa hiyo naomba ofisi yako itoe kanuni hizi kabla ya Jumatatu:

(a) Mtu yeyote asiagiziwe maua ya mazishi kabla hajafa, na askari wako athibitishe.

(b) Mauaji yafanyike kati ya Jumanne na Alhamisi, treni ya maua ikishafika.

(c) Shada lisizidi upana wa mlango wa kanisa.

(d) Kwa kuwa kila risasi zinapolia askari wako huwa mtaa mwingine kabisa, ni dhahiri kituo chako hupata taarifa mapema. Hatuwasumbui. Tunaomba nakala tu.

(e) Awekwe mlinzi dukani. Asiwe yule askari wa pembeni yetu, kwa sababu yeye analinda mlango wa nyuma wa fundi viatu, ambako watu huingia na viatu vizima na kutoka wakiyumba.

Wasalimie mkeo, masajini wote, na yule farasi mzee wa kituo.

Wako mtiifu, kwa siku zilizobaki,
Wendelin Pruszak, Karani.

N.B. Barua ilikosa stempu, na leo ni Jumatatu. Bwana Calogero amekuja kama alivyoahidi. Nilifumba macho. Akavua kofia, akaniinamia sikioni: "Kijana, niambie kweli. Kuna mtu kaniagizia mimi?" Nikamwambia hapana. Akanibusu mashavu yote mawili. Nyuma yake alikuwa amepanga foleni yule aliyenishika tai, naye ana swali hilohilo, na nyuma yake Lorcan mwenyewe. Kila mmoja amenunua ua la kifuani. Nimemsikia Lorcan akiwaambia, "Atakayemgusa huyu dogo, nani atamwambia saa yake ya kufa?" Wote wakakubali. Bi Halina amenipandisha cheo.

Kwa hiyo tafadhali tupilia mbali barua hii, hasa kanuni (a).

Ila kama umekwisha kuipitisha, nijulishe upesi. Asubuhi hii tumepokea oda ya saa ya mikarafuu, kubwa kuliko zote, na utepe wake una jina lako na cheo chako. Kwa kanuni (a), oda hiyo haipo hadi ufe, kwa hiyo sina ruhusa ya kukutajia mishale inaelekea wapi.